Aberfoyle: Mchungaji Robert Kirk, Watu Wema na parishi ya chuma

Mto Forth, ambao mbele ya Edinburgh unapitisha meli kubwa za baharini, unaanzia karibu na kijiji cha Aberfoyle, pale vijito viwili, Duchray na Avondhu, vinapokutana. Hapo ndipo pia nchi inapobadilika sura. Upande wa kusini ni uwanda wa mashamba na malisho, na upande wa kaskazini milima ya Highlands inainuka kwa ghafla, kwa sababu ufa mkubwa wa miamba unaoikata Uskoti kutoka magharibi hadi mashariki unapita papo hapo. Kwa karne nyingi mpaka huo wa mawe ulikaribiana na mpaka wa watu. Waliokaa juu walizungumza Kigaeli na kuwatii wakuu wa koo zao, na waliokaa chini walizungumza Kiskoti, wakalima na kufanya biashara ya mjini. Parishi ya Aberfoyle, katika jimbo la kale la Perthshire, iliwekwa juu ya mpaka huo, na karibu kila jambo linalosimuliwa kuhusu parishi hii linatokana na mahali ilipoketi.

Parishi ya Uskoti ya zamani haikuwa eneo la ibada peke yake. Wazee wa kanisa waligawa fedha za maskini, waliwaita mbele yao waliogombana au kuzini, na sheria ya mwaka 1696 iliwataka wenye ardhi katika kila parishi watoe nyumba ya shule na mshahara wa mwalimu. Msomaji aliyelelewa katika Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, ambalo mizizi yake ni wamisionari wa Uskoti, hatashangazwa na nguvu hiyo ya wazee. Katika mpangilio kama huo mchungaji alikuwa mtu aliyesoma kuliko wengi waliomzunguka, na mara nyingi alikuwa yeye pekee mwenye wino, karatasi na nafasi ya kuandika. Kwa hiyo kile tunachokijua kuhusu imani za wakulima na wachungaji wa mifugo wa Aberfoyle tumekipokea kupitia kwa watu ambao kazi yao rasmi ilikuwa kuzisahihisha imani hizo. Napenda kuandika juu ya parishi hii hasa kwa sababu wachungaji wake wawili, katika karne mbili tofauti, walichagua kusikiliza kabla ya kusahihisha.

Nianze na yule wa baadaye. Patrick Graham alikuwa mchungaji wa Aberfoyle kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Katika miaka ya 1790 Sir John Sinclair aliwatumia wachungaji wa Uskoti yote, wenye parishi zaidi ya 900, orodha ndefu ya maswali kuhusu ardhi, mazao, idadi ya watu, ajira na desturi. Wengine walijibu kwa mistari michache. Graham alijibu kwa kina, na baadaye, mwaka 1806, akatoa kitabu kizima kuhusu mandhari na simulizi za upande huo wa Perthshire. Ni yeye aliyetuhifadhia habari za Coire nan Uruisgin, bonde lililojaa mawe makubwa yaliyoporomoka ubavuni mwa mlima Ben Venue, juu ya maji ya Loch Katrine. Humo, walisema wenyeji, walikutana kwa mikutano yao viumbe walioitwa urisk, nusu mtu na nusu mbuzi, ambao kutwa nzima walipenda upweke wa maporomoko ya maji lakini wangeweza kuisaidia nyumba ya mkulima kazi za usiku kama hawakuudhiwa. Juu kidogo ya bonde hilo kuna njia iitwayo Bealach nam Bò, njia ya ng'ombe, ambako mifugo iliyoporwa mabondeni ilipitishwa kufichwa nyuma ya milima. Mimi ninadhani si bahati mbaya kwamba njia ya wezi wa ng'ombe na baraza la viumbe wa kutisha vilikaa mahali pamoja, kwa maana palipoogopwa usiku palifaa sana kwa aliyetaka asifuatwe.

Parishi jirani, Port of Menteith, ina kisa kinachoungana na hiki. Katika ziwa la Menteith kuna kisiwa cha Inchmahome, ambapo Walter Comyn, bwana wa Menteith, alianzisha nyumba ya watawa mwaka 1238, na ambapo Mary, malkia wa Waskoti, alifichwa kwa majuma machache akiwa mtoto wa miaka minne baada ya jeshi la nchi yake kushindwa na Waingereza huko Pinkie mwezi Septemba 1547. Hiyo ni historia. Simulizi inasema kwamba mabwana wa Menteith walikuwa na kitabu chekundu ambacho kikifunguliwa hutokeza kundi la viumbe wakidai wapewe kazi. Bwana mmoja alikifungua, akawaamuru wajenge njia ya kuvukia hadi kisiwani. Waliifanya kazi hiyo kwa kasi ya kutisha, mpaka bwana akaona kwamba kisiwa kikiunganishwa na nchi kavu kitapoteza usalama wake, akawasimamisha. Rasi nyembamba inayoingia ziwani inaonyeshwa hadi leo kuwa ndiyo kazi iliyoachwa katikati. Inasemwa kwamba mwishowe walizawadiwa Coire nan Uruisgin, wakahamia huko. Hivyo wananchi walipata jibu la maswali mawili kwa kisa kimoja: rasi ile imetoka wapi, na wale wa mlimani wamefikaje pale.

Lakini mtu anayeifanya Aberfoyle isisahaulike kirahisi ni Robert Kirk. Alizaliwa mwaka 1644 parishini humo, mtoto wa saba wa mchungaji James Kirk, na wenyeji hawakuacha kutaja kwamba mtoto wa saba huzaliwa na macho ya namna yake. Alisoma Edinburgh, na mwaka 1664 akawekwa kuwa mchungaji wa Balquhidder, parishi ya milimani kaskazini kidogo, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Mke wake wa kwanza, Isobel, alifariki siku ya Krismasi mwaka 1680, na kaburi lake lipo Balquhidder. Mwaka 1685 Kirk alirudi Aberfoyle kukalia nafasi iliyokuwa ya baba yake, akaoa tena, na hapo ndipo alipomalizia maisha yake.

Kazi aliyojulikana nayo akiwa hai ilikuwa ya lugha. Waumini wake walisali katika kanisa ambalo maandiko yake mengi hawakuyaelewa, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Sinodi ya Argyll, yaani baraza la kanisa la upande wa magharibi, ilikuwa imechapa zaburi 50 za kwanza kwa Kigaeli mwaka 1659, kisha kazi ikakwama. Kirk alizitunga zaburi zote 150 katika mashairi ya kuimbwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1684, miaka kumi kabla sinodi haijamaliza cha kwake. Baadaye ikaonekana kwamba Biblia ya Kiayalandi, ambayo Agano lake la Kale lilitokana na juhudi za Askofu William Bedell, ingeweza kusomwa na Wagaeli wa Uskoti kama herufi zake za Kiayalandi zingebadilishwa kuwa za Kirumi walizozizoea. Kirk aliinakili upya, akaenda London mwaka 1689 kusimamia uchapaji, na Biblia hiyo ikatoka mwaka 1690 kwa msaada wa fedha wa Robert Boyle, mwanasayansi yule yule ambaye jina lake wanafunzi wetu hulikuta katika kanuni ya gesi.

Boyle hakuvutiwa na Biblia peke yake. Alikuwa ameshakusanya ushahidi kuhusu watu wa Highlands waliosemekana kuona mambo yaliyofichika: jeneza kabla ya msiba, mgeni kabla hajafika, majeraha ya mtu aliye hai bado. Katika London ya wakati huo wasomi kadhaa waliamini kwamba ushahidi wa namna hiyo, ukipimwa kwa uangalifu, ungewanyamazisha waliokuwa wameanza kusema hakuna roho wala ulimwengu usioonekana. Kirk aliporudi nyumbani aliandika maelezo yake mwenyewe katika miaka ya 1691 na 1692, na hayakuchapishwa mpaka mwaka 1815.

Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi, na kila mara ninashangazwa na utulivu wake. Kirk anawaeleza wale ambao waumini wake waliwaita Watu Wema, jina la heshima lililotumika ili wasikasirike na kudhuru, kama vile mtu anavyoeleza kabila la jirani. Ni viumbe, anasema, walio katikati ya binadamu na malaika, wenye miili myepesi kama wingu lililoganda, wanaoonekana vyema zaidi wakati wa machweo. Wanaishi ndani ya vilima. Wana watoto, ndoa, mazishi na ugomvi. Wananyonya kiini cha chakula na kumwachia mkulima makapi. Kila robo ya mwaka wanahama makao, na wenye uwezo wa kuwaona huepuka kusafiri siku hizo wasije wakakutana nao njiani. Anaeleza hata namna mtu wa kawaida anavyoweza kuazimwa macho hayo: anaweka mguu wake chini ya mguu wa mwonaji, mwonaji anaweka mkono juu ya kichwa chake, naye anatazama juu ya bega la kulia la mwonaji.

Kati ya mambo hayo kuna moja ambalo ni mchungaji tu angeweza kuliandika. Anasema Waskoti wa milimani wana desturi ya kufika kanisani bila kukosa Jumapili ya kwanza ya kila robo ya mwaka, ili wao, mazao yao na mifugo yao wakingwe na mishale ya viumbe hao wanaohama, na kwamba wengi wao hawaonekani tena kanisani mpaka robo inayofuata. Hapo ninamwona mtu aliyesimama mimbarini akihesabu sura, akajua vizuri kwa nini leo kanisa limejaa, na bado hakuwadharau waliolijaza.

Tena anaandika kuhusu wanawake. Wapo walio hai, anasema, wanaosimulia kwamba walichukuliwa wakati wa uzazi wakawanyonyeshe watoto wa Watu Wema, huku nyumbani kikiachwa kitu chenye sura yao, kinachokula sana na kudhoofika. Kwa sababu hiyo watu wa milimani waliweka mkate, Biblia au kipande cha chuma katika kitanda cha mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Katika nchi ambayo wanawake wengi walikufa wakizaa, na wengine walinusurika lakini wakabaki na huzuni isiyoelezeka, ninaona kwamba maelezo haya yalibeba uchungu wa kweli. Chuma kitandani kilikuwa kitu ambacho familia ingeweza kufanya.

Ili kupima uzito wa alichokifanya Kirk, ni lazima kukumbuka sheria iliyokuwapo. Uskoti ilikuwa na sheria ya uchawi tangu mwaka 1563 hadi 1736, na chini yake karibu watu 4,000 walishtakiwa, wengi wao wanawake. Mwaka 1662, Kirk akiwa kijana, Isobel Gowdie wa Auldearn, kaskazini mashariki mwa nchi, alikiri mbele ya wachungaji kwamba aliingia ndani ya kilima na kulishwa nyama na malkia wa viumbe hao, na maneno hayo yakawa sehemu ya ushahidi dhidi yake. Miaka 30 baadaye Kirk anaandika kwamba kuwaona Watu Wema si mapatano na Shetani, kwamba wengi wanaowaona hawakuomba na wangependa kuondolewa uwezo huo, na kwamba jambo hilo halipingani na dini. Wanaomtaja leo kama mchungaji wa ajabu aliyependa hadithi za vilima wanapunguza thamani yake. Kwa hoja na kwa nukuu za Biblia, alikuwa akiwatetea waumini wake dhidi ya shtaka lililoweza kuwaua.

Alifariki tarehe 14 Mei 1692. Wenyeji walisimulia, na Patrick Graham akaandika, kwamba jioni moja Kirk alikuwa akitembea akiwa na vazi la kulalia juu ya Doon Hill, kilima kilicho karibu na nyumba yake, akaanguka, akadhaniwa amekufa, akazikwa. Kisha akamtokea ndugu yake mmoja na kumtuma kwa jamaa yao, Graham wa Duchray. Mwambie, alisema, kwamba mimi sikufa, nimetekwa na Watu Wema. Mke wangu ni mja mzito. Mtoto atakapobatizwa nitatokea chumbani. Duchray akilirusha jambia lake juu ya kichwa changu, nitarudi kwa watu, na asipofanya hivyo, nimepotea milele. Siku ya ubatizo ikafika, mtoto akaletwa, Kirk akaonekana na wote waliokuwapo. Graham wa Duchray akapigwa na bumbuazi, mkono haukuinuka, na Kirk akaondoka, asionekane tena.

Msikilizaji wa karne hiyo aliyajua yote yaliyomo ndani ya kisa hiki kabla hajakisikia, kwa sababu Kirk mwenyewe alikuwa ameyaandika: kilima, mfano unaoachwa badala ya mtu, mtoto aliye karibu kuzaliwa, na chuma ambacho viumbe hao hawakiwezi. Parishi ilimzika mchungaji wake kwa kutumia elimu aliyoikusanya kutoka kwao. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba wasimulizi walimtaja wa kulaumiwa, bwana mwenye ngome na jina kubwa, wa ukoo uliopigana na askari wa Kiingereza wa Oliver Cromwell katika njia nyembamba ya Aberfoyle mwaka 1653. Aliyeshindwa kurusha jambia hakuwa mkulima mnyonge. Deni hilo halikufutwa haraka, kwani hata wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtafiti wa simulizi Katharine Briggs aliambiwa kwamba mtoto akibatizwa katika nyumba ya mchungaji huko Aberfoyle na mtu akachoma jambia katika kiti cha Kirk, mfungwa angeachiwa.

Kilima chenyewe si kirefu. Kutoka kijijini mtu anavuka daraja la mawe, anapita makaburi ya kanisa la kale la Kirkton, kisha anapanda ndani ya msitu wa mialoni mpaka kileleni, ambako msonobari mmoja mkubwa umesimama katikati ya miti ya aina nyingine. Watu husema ndani yake imo roho ya Kirk. Matawi ya miti inayouzunguka yamefungwa vitambaa vingi vyenye maombi yaliyoandikwa kwa kalamu, na baadhi yake nilivyosoma vilikuwa vya watoto wanaoombea wazazi wagonjwa. Anayezijua sehemu zenye mizimu katika pwani yetu, zenye vitambaa vyekundu na vyeupe katika mibuyu na mapango, hahitaji kuelezwa kinachofanyika pale. Nasikitika tu kwamba vingine ni vya plastiki na haviozi, vinakaba matawi, na vingeweza kuachwa nyumbani.

Chuma kinarudi tena huko Kirkton. Mbele ya kanisa la kale, ambalo sasa ni kuta bila paa, vimewekwa vipande viwili vya chuma kizito vyenye umbo la jeneza. Mwanzoni mwa karne ya 19 shule za udaktari za Edinburgh na Glasgow zilihitaji maiti nyingi kuliko sheria ilivyoruhusu, na wezi walifukua makaburi mapya usiku ili kuziuza. Familia za Aberfoyle ziliteremsha chuma hicho juu ya jeneza, kikakaa mpaka mwili usiwe tena na thamani kwa mnunuzi, kisha kikainuliwa kwa ajili ya msiba mwingine. Mwaka 1828 ilibainika kwamba William Burke na William Hare waliua watu 16 mjini Edinburgh na kuuza miili yao, na sheria ya mwaka 1832 ikafungua njia halali ya kupata maiti, hivyo biashara ile ikafa. Mimi nilikaa mbele ya vyuma hivyo kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa kileleni. Hofu ya kwamba marehemu wako atachukuliwa, na ulichozika sicho kilichobaki kaburini, parishi hii iliijua tangu enzi za Kirk. Katika karne ya 19 waliohofiwa walikuwa wahalifu wenye mikokoteni.

Chuma cha tatu kimetoka katika riwaya. Walter Scott, mwandishi wa riwaya aliyeyachapisha maandishi ya Kirk, aliiweka Aberfoyle katika riwaya yake kuhusu Rob Roy MacGregor, mwasi maarufu wa milimani, na humo Bailie Nicol Jarvie, mfanyabiashara wa Glasgow, anajitetea katika nyumba ya wageni kwa kisu cha plau kilichokuwa motoni. Wasomaji walikuja kukitafuta, na kisu cha plau kikatundikwa katika mti kijijini ili wakione. Baada ya riwaya ikaja reli mwaka 1882, na watalii wengi zaidi. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 1859, Malkia Victoria alikuwa amefungua mfereji unaopeleka maji ya Loch Katrine hadi Glasgow, mji uliokuwa umeteketezwa na kipindupindu mara kadhaa, na mfereji huo unapita ndani ya vilima vya parishi hii.

Jiwe la kaburi la Kirk lipo Kirkton. Maandishi yake ya Kilatini hayamtaji Doon Hill wala mtu yeyote aliyetekwa. Yanamwita mhubiri makini wa Injili na nuru ya lugha ya Kiayalandi, yaani Kigaeli. Wageni wengi hulipita wakiwahi kilimani, nami ningewaomba wasimame hapo kwanza. Kigaeli cha Perthshire kimenyamaza sasa, na katika Aberfoyle kimebaki katika majina ya milima na maji. Lakini zaburi alizozitunga zilikuwa za kwanza kukamilika kwa lugha hiyo, na Biblia aliyoinakili ndiyo waliyokuwa nayo Wagaeli wa Uskoti kwa zaidi ya miaka 70, mpaka mwaka 1767, lilipotoka Agano Jipya la Kigaeli chao wenyewe, lililotafsiriwa na James Stuart, mchungaji wa Killin, parishi nyingine ya milimani katika Perthshire ile ile.